Vitabu sita na daftari moja: jibu kwa msomaji wa Mombasa

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni karani katika ofisi ya uwakala wa mizigo hapa Mombasa. Mwanzoni mwa masika niliweka nadhiri ya kusoma vitabu ambavyo kila mtu huvisifu nami sikuwahi kuvifikisha mwisho. Sasa kipupwe kinakwisha na nimesoma sita: Al-Inkishafi, Utendi wa Mwana Kupona, Kusadikika, Juliasi Kaizari, Rosa Mistika na Peponi. Kila nilipomaliza kimoja niliandika daftarini muhtasari, dhamira, wahusika na mandhari. Juzi nimelifungua daftari lile ili nitafakari msimu mzima, nikaona kana kwamba limeandikwa na mtu mwingine. Zile tendi mbili sikuzielewa sawasawa, ingawa nyanya yangu mzaa mama ni mtu wa Amu, yaani Lamu. Mwana Kupona alinikera kwa nasaha zake za kumtii mume, na Rosa Mistika sikukipenda kabisa. Je, nimepoteza miezi sita? Na mtu hutafakarije msimu wa kusoma?"

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa nadhiri uliyoitimiza, kwa maana wengi huiweka na kabla masika hayajakatika kitabu kimekwisha kugeuka cha kuwekea kikombe. Nimelisoma swali lako mara kadhaa, na kila mara jicho langu limesimama pale pale, kwenye daftari. Miezi yako sita haikupotea hata siku moja. Kilichokuangusha ni namna ulivyoliandika daftari hilo. Kumbukumbu yako haina kosa, wala vitabu havina kosa.

Muhtasari, dhamira, wahusika, mandhari: hiyo ni orodha ya chumba cha mtihani. Sote tuliopitia shule zetu tumefundishwa kuigawa kazi ya fasihi katika fani na maudhui, kisha kuvigawa hivyo navyo katika vijisehemu, na kila kijisehemu kukipa jina lake. Mgawanyo huo una kazi yake, kwa kuwa mtahini mwenye mrundo wa karatasi mbele yake anahitaji kipimo kimoja kwa wote. Ubaya wake ni kwamba majibu yake hufanana mno. Ukiandika "dhamira: uongozi mbaya" chini ya Kusadikika, na maneno hayo hayo ukayaandika chini ya Juliasi Kaizari, basi vitabu viwili visivyofanana hata kidogo vimekuwa kimoja, na wewe uliyevisoma umetoweka katikati yake. Ndiyo sababu daftari linaonekana la mtu mwingine. Yeyote aliyepitia darasa la fasihi angeweza kuliandika, tena bila ya kuvifungua vitabu vyenyewe.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa limenipata. Nilipokuwa mwanafunzi nilifaulu mtihani wa fasihi kwa kukariri mwongozo. Mwalimu alitusomea mwongozo ule darasani mstari kwa mstari, sisi tukanakili, na riwaya yenyewe ikabaki kabatini pamoja na chaki. Nilipata alama nzuri. Miaka mingi baadaye niliifungua riwaya ile kwa hiari yangu, nikakuta kwamba mama mmoja niliyemwita "mhusika bapa", yaani asiye na undani, katika karatasi ya mtihani analia peke yake jikoni huku akiendelea kuchochea moto, katika ukurasa ambao mwongozo haukuutaja. Niliona haya mbele ya mtu aliyetungwa tu, na tangu siku ile sijapata kuuamini tena muhtasari wowote, hata ule ninaouandika mwenyewe.

Kwa hiyo nakuomba ulifunge kwanza daftari hilo, ukae kimya na vitabu vyako sita mezani, na usijiulize vinahusu nini. Jiulize ni kitu gani kidogo katika kila kimoja kilichokataa kutoka kichwani: chombo, sauti, mtu asiye na jina, neno moja. Ukikipata, kifuate uone kama kinavuka kutoka kitabu hadi kitabu. Hakitavuka katika vyote, na hakuna haja kivuke. Ili usidhani nakupa maneno matupu, acha nilifanye zoezi hili hapa kwa vitabu vyako mwenyewe, na kitu nitakachokifuata ni karatasi.

Nianze na huyo aliyekukera. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, na hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Mumewe alikuwa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, aliyeshindana kwa miaka mingi na Sultani Seyyid Said wa Zanzibar, na wakati wa kutungwa utendi Bwana Mataka alikwisha kufariki. Tunamwona basi mjane, mgonjwa, ambaye mlinzi wake ameondoka, naye ana binti ambaye hatakaa naye muda mrefu. Sikiliza anavyomwita:

Ndoo mbee ujilisi
na wino na karatasi
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia

Kwa Kiswahili unachokisoma kila siku, anamwambia: njoo mbele uketi, uwe na wino na karatasi, kwani moyoni mwangu mna habari ninayopenda kukuambia. Hebu simama hapo kabla hujazifikia nasaha zinazokukera. Huyu ni mama wa karne ya 19 ambaye, katika maagizo ya mwanzo anayompa bintiye, anamtaka ashike kalamu. Siyu ulikuwa mji wa elimu, mji ulionakili misahafu, na katika nyumba ile haikuwa ajabu mwanamke kuandika. Ndiyo maana agizo limesemwa kwa wepesi, kama vile mtu anavyoagizwa alete kigoda. Tena mwishoni mwa utendi anawageukia wanawake wengine na kuwaita wausome. Nasaha za utiifu zimo, sikatai, tena ni nzito, na unayo haki ya kukereka nazo. Lakini zimewekwa ndani ya karatasi iliyoandikwa na mwanamke, ikapokewa na mwanamke, ili isomwe na wanawake.

Na ukirudi katika nasaha zenyewe kwa utulivu utakuta mahali anapomwagiza binti amtunze mume kama mtoto asiyejua kusema, aangalie kila kinachotoka na kinachoingia. Mara ya kwanza niliposoma hapo niliona utumwa. Mara ya tatu nilijiuliza ni nani hasa mwenye nguvu katika nyumba ambamo mmoja ndiye mchanga asiyejua kunena na mwingine ndiye ajuaye kila kinachopita mlangoni. Wahakiki wamebishana juu ya hilo, na mimi nimeelemea upande wa wanaoona kwamba Mwana Kupona alikuwa akimrithisha bintiye maarifa ya kuishi salama katika ulimwengu ambao hakuwa na uwezo wa kuugeuza. Huenda wewe ukaona vingine, na utakuwa na sababu zako. Ninachotaka ni kwamba hukumu yako itokane na ubeti, isitokane na neno "utiifu" uliloliandika chini ya dhamira.

Sasa chukua Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, miaka 113 baada ya utendi ule. Mwanzoni mwake, huko Ukerewe, binti aitwaye Rosa anakutwa na barua ya mvulana. Babaye, Zakaria, anampiga kipigo kikali. Viweke vitabu hivi viwili ubavu kwa ubavu: katika kimoja mzazi anamwita binti karibu na kumwambia alete wino na karatasi, katika kingine karatasi yenye wino mikononi mwa binti ndiyo inayoita fimbo. Mwana Kupona anazungumza na bintiye beti baada ya beti kuhusu mambo ya mume na nyumba, na Zakaria hana hata sentensi moja ya kumwambia Rosa juu ya mambo hayo, ana ukali tu. Yanayompata Rosa akishatoka chini ya jicho la baba yake unayajua. Sidai kwamba Kezilahabi alikuwa akimjibu Mwana Kupona. Nasema kwamba wewe, uliyevisoma vitabu hivi ndani ya miezi michache, ndiye uliyevikutanisha, na mkutano huo ni mali yako. Hutaupata katika mwongozo wowote.

Pengine sasa unaona kwa nini riwaya hiyo ilikuudhi. Umeandika kwamba hukuipenda, lakini sentensi yako ina joto ambalo mtu hana kwa kitabu kilichomchosha. Kitabu kisichopendwa husahaulika. Hiki bado kinakuuma. Nchini Tanzania kilizuiwa shuleni kwa muda, kisha baadaye kikaruhusiwa kusomwa na wanafunzi, na nadhani waliokizuia na waliokiruhusu wote walisukumwa na kitu kile kile: kinasema waziwazi jambo ambalo nyumba nyingi hulisema kwa mlango uliofungwa, kwamba mtoto aliyelelewa kwa hofu pekee hana la kujishikia hofu ikiondoka. Hulazimiki kukipenda. Lakini usikitoe katika hesabu ya msimu wako, kwa sababu nadhani ndicho kilichokusoma wewe zaidi ya vingine vyote.

Karatasi imo pia katika Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare, tena imejaa. Brutus, rafiki wa Kaizari, anashawishika kuingia katika njama ya kumwua kwa sehemu kubwa kwa sababu ya barua anazotupiwa, zilizoandikwa kwa hila zionekane kama sauti ya wananchi. Kaizari mwenyewe, akiwa njiani kwenda kuuawa, anapewa waraka unaotaja majina ya wauaji, naye anauweka kando kwa hoja kwamba yanayomhusu yeye yatakuja mwisho. Kisha Antony, mfuasi wa Kaizari, anausimamisha umati kwa kuwaonyesha wosia wa marehemu, akikataa kuusoma mpaka wamsihi, na humo mna drakma 75 kwa kila raia. Barua ya uongo inasomwa na kuaminiwa, waraka wa kweli hausomwi, na wosia unakuwa silaha. Mimi huufikiria mchezo huu kila ninapoona ujumbe ukisambazwa katika simu za watu bila ya kujulikana umetoka wapi.

Na kuna jambo jingine kuhusu kitabu hiki linalohusu swali lako moja kwa moja. Mwalimu Nyerere aliitoa tafsiri yake mara ya kwanza mwaka 1963, akiwa na nchi changa mabegani, na baada ya hapo hakuiacha ilale. Aliirudia, akaisahihisha, na toleo jipya lenye jina la Juliasi Kaizari likatoka mwaka 1969. Mfasiri aliyeupima kila mstari kwa mkono wake aliona bado hajaumaliza. Nawe usione vibaya kwamba kusoma mara moja hakukutosha.

Kuhusu Kusadikika nitasema machache, ingawa kwa karani kama wewe kina utamu wa pekee. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, alikuwa kwa miaka mingi karani wa forodha, mtu wa hati na mihuri kama watu unaopeana nao nyaraka bandarini kila asubuhi. Mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, alichapisha hadithi ya nchi iliyo angani, ambamo kijana Karama anashtakiwa na waziri aitwaye Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Tazama kosa lenyewe: kutaka watu waijue sheria inayowahukumu. Huenda hadithi za wajumbe sita anazozisimulia Karama zilikuchosha kwa kuwa zinafanana, kila mmoja anakwenda, anateseka, anarudi na heri, anatiwa kifungoni. Zinafanana kweli. Lakini usisahau kwamba zinasimuliwa mbele ya baraza, na kwamba Karama anajitetea. Wakili anayewaita mashahidi sita wa jambo moja hatafuti kuwaburudisha waamuzi. Anawafungia njia moja baada ya nyingine, mpaka wasiwe na mahali pa kusema hatukujua. Kisome tena ukijifanya wewe ndiwe mmoja wa wajumbe wa baraza lile, usikie uzito unavyoongezeka.

Katika Peponi, karatasi inaonekana kwa kukosekana kwake. Riwaya hii Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliiandika kwa Kiingereza na kuichapisha mwaka 1994. Alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, na mwaka uliofuata ndipo ilipotoka kwa Kiswahili katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Yusuf anaondolewa kwao akiwa na umri wa miaka 12 akidhani anakwenda kumtembelea ami yake, kumbe amewekwa rehani kwa deni la babaye. Mapatano yamefanywa na watu wazima, naye hakuyasikia. Baadaye, katika nyumba nyingine bara, inagunduliwa kwamba kijana huyu, ambaye kila mtu humsifu uzuri wa sura, hawezi kusoma Kurani, na anapelekwa chuoni, yaani madrasa, akakae na watoto wadogo. Aibu ya hapo imesimuliwa kwa upole mwingi. Mimi huiona kuwa sehemu ya deni lile lile: waliomchukua walichukua pia miaka ambayo angefundishwa. Yusuf hajui kilichoandikwa kumhusu, wala hajui kusoma alichoandikiwa na dini yake. Mrudie sasa yule binti wa Siyu aliyeitwa na mamaye akae na wino na karatasi, uone alivyokuwa tajiri.

Al-Inkishafi haumo katika uzi huu, nami sitaulazimisha. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir hazungumzi na mtu mwenye kalamu. Anazungumza na moyo wake mwenyewe, anaukaripia kwa kushikamana na dunia, kisha anauonyesha Pate iliyoanguka. Hapa njia ya kutafakari ni nyingine kabisa: shika ubeti mmoja au miwili na usiende mbele. Nakuomba uchukue zile za nyumba. Mshairi anakumbuka mataa yaliyowaka mpaka usiku ukawa kama mchana, na vyombo vya sini, yaani vya kauri, vilivyochaguliwa kupamba kuta. Kisha anaonyesha yale yale madaka, yaani vishubaka vya ukutani, yaliyobeba visahani, na sasa ndani yake wamelala wana wa nyuni, yaani makinda ya ndege, huku bundi akikoroma katikati ya nyumba. Hakusema "utajiri umekwisha". Amekionyesha kidaka kile kile, kwanza kina sahani, kisha kina kinda. Siku ukipita Mji wa Kale hapo Mombasa, au ukienda Amu, ingia katika nyumba kongwe yenye zidaka ukutani, uweke kiganja chako ndani ya kimoja. Na ukifika Pate kwenyewe utakuta magofu bado yamesimama, na watu hulima tumbaku katikati ya kuta. Baada ya hapo ufungue utenzi na usome beti hizo, nawe utaniambia kama bado unahitaji kamusi.

Kwa kweli kamusi haitakufaa sana, na hapa nataka nikutoe hofu. Umesema hukuzielewa tendi hizi, ukadhani ni ugumu wa fikra. Sehemu kubwa ni lahaja. Tendi hizi ziko katika Kiswahili cha kaskazini, na Kiamu hutofautiana na Kiswahili sanifu kwa kanuni chache unazoweza kuzijua jioni moja. Penye "ch" yetu mara nyingi wao wana "t", ndiyo maana macho ni mato. Penye "nj" wana "nd": njia ni ndia, njoo ni ndoo, nje ni nde. Penye "j" mara nyingi wana "y": kujua ni kuyua, kuja ni kuya. Vitu vyetu kwao ni zitu, na visahani ni zisahani. Mara nyingine "l" katikati ya neno huanguka, kwa hiyo mbele inakuwa mbee. Hata neno utendi lenyewe ndilo hilo hilo utenzi la kusini. Ziandike kanuni hizi kwenye kipande cha karatasi ukitie ndani ya kitabu. Kitakachobaki ni maneno ya Kiarabu na maneno yaliyokwisha kupotea katika matumizi, na hayo matoleo mazuri huyafafanua pembeni au mwishoni.

Kisha usome kwa sauti. Utendi kama huu wa Mwana Kupona una vipande vinne katika kila ubeti, na kila kipande kina mizani nane, yaani silabi nane. Vitatu vya mwanzo huitana kwa kina chao, na cha nne hubeba kina kimoja kinachorudi tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Ukisoma kwa macho tu, kina kile cha mwisho ni herufi. Ukisoma kwa sauti, beti baada ya beti, ni kama kasia linalorudi majini, na utajikuta unakingoja. Hesabu kwa vidole ule ubeti niliounukuu, utaona mizani nane hazipungui popote.

Umeniuliza pia, ingawa si kwa maneno hayo, usome nini katika vuli. Nakusihi usiandike orodha mpya bado. Wasomaji wengi wenye bidii hukosea hapo. Msimu ukimalizika hukimbilia mwingine, na vitabu vinapita kama makontena unayoyaona bandarini, kila moja lina muhuri na halikufunguliwa. Tumia wiki za mwanzo za vuli kurudia. Sisemi usome vyote sita upya. Chagua kurasa kumi za kitabu ulichokichukia na kurasa kumi za kitabu kilichokushinda, na ukivisoma andika katika daftari jipya mambo mawili pekee: sentensi iliyokusimamisha, ukiinakili kama ilivyo, na siku ile ulikuwa wapi na kulikuwa na nini. Andika kwamba mvua ilinyesha, kwamba meli ilichelewa, kwamba ulikuwa na hasira na mtu. Utashangaa baada ya mwaka jinsi sentensi moja iliyonakiliwa siku ya mvua inavyokirudisha kitabu kizima, wakati ukurasa mzima wa dhamira haurudishi chochote.

Nimeacha la nyanya yako mwisho, ingawa ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu. Umelitaja kama jambo la kando, kwamba ni mtu wa Amu, kisha ukaendelea na malalamiko yako. Mwanangu, unaishi karibu na mtu ambaye mato na ndia ni maneno ya kinywa chake, nawe umekaa na kamusi. Inawezekana hajapata kuusoma utendi ule, na inawezekana anazo beti zake kwa moyo, alizozisikia kwa mama yake au harusini; hutajua mpaka umuulize. Nenda kwake jioni moja isiyo na haraka, chukua kitabu na daftari na kalamu, umwambie kuna bibi wa Siyu aliyemwandikia bintiye, nawe matamshi yamekushinda. Anza kumsomea ubeti wa wino na karatasi. Akikukatiza ili akusahihishe, usiharakishe kuumaliza ubeti. Mwache aseme, hata akitoka katika utendi akaingia katika habari za mama yake mwenyewe, nawe uandike.